Mzani na Kalenda

Karibu mwaka 1920, Arvo Ylppö, daktari wa watoto kutoka Finland aliyekuwa akifanya kazi Berlin, aliweka mpaka ambao wakunga wa dunia nzima wanaujua hadi leo: gramu 2500. Mtoto aliyepungua hapo alihesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati wake. Mpaka ule ulienea upesi kwa sababu ulikuwa rahisi kuutumia. Mzani ulikuwepo wodini, na mshale wake haukumtegemea mama akumbuke siku zake za mwisho. Kwa miaka arobaini hivi madaktari wakaendelea kuwahesabu watoto wote wadogo kuwa njiti.

Hesabu hiyo ilificha kundi zima la watoto. Chukua vichanga wawili waliopimwa asubuhi moja, kila mmoja ana kilo 2.1. Wa kwanza kazaliwa wiki ya 33. Kwa umri wake amekua vizuri kabisa, ila kawahi kutoka; shida yake ni mapafu machanga na pumzi inayokatika akilala. Wa pili kazaliwa wiki ya 39. Mapafu yake yako tayari, analia kwa nguvu, anakodoa macho. Lakini ukimfungua nguo unaona ngozi iliyolegea mapajani na matakoni, inayobanduka viganjani na nyayoni, mbavu zinazohesabika, kitovu chembamba, na kichwa kinachoonekana kikubwa kuliko kiwiliwili. Huyu alikaa tumboni muda wote unaotakiwa, na kwa sehemu ya muda huo hakupata chakula cha kutosha.

Kuna na wa tatu, anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila kuulizwa lolote: kazaliwa wiki ya 41, ana kilo 2.6. Amevuka mpaka wa Ylppö, kadi yake inaandikwa uzito wa kawaida. Ukiuweka uzito huo kando ya wiki zake, unakuta kwamba kati ya kila watoto kumi wa umri wake, zaidi ya tisa wamemzidi.

Sura hii inawahusu hao wawili wa mwisho. Njiti wamepata watetezi, wodi zao na hata siku yao ya kimataifa, kila tarehe 17 Novemba, na wanastahili. Mtoto aliyetimiza miezi akazaliwa mdogo hana siku, na mara nyingi hana hata mtu aliyemtambua.

Shirika la Afya Duniani lilitenganisha mambo hayo mwaka 1961, likataka uzito pungufu uhesabiwe peke yake na kuzaliwa kabla ya wakati peke yake. Miaka miwili baadaye Lula Lubchenco, daktari wa watoto wa Denver, Colorado, alichapisha chati iliyoonyesha uzito wa watoto waliozaliwa hai katika kila wiki ya mimba. Mwaka 1967, yeye na mwenzake Frederick Battaglia walipendekeza kipimo kinachotumika mpaka sasa: mtoto ni mdogo kwa umri wa mimba iwapo uzito wake umeangukia katika asilimia 10 ya chini ya watoto wa wiki zake. Kwa mara ya kwanza mzani ulisomwa pamoja na kalenda.

Chati ya Denver ilikuwa na kasoro. Mji huo uko karibu mita 1600 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi ya mlimani hupunguza uzito wa watoto, takriban gramu 100 kwa kila mita 1000. Wengi wa mama waliopimwa walikuwa pia maskini. Ni kusema kwamba dunia ilijifunza ukuaji wa kawaida kutoka kwa watoto ambao baadhi yao walikuwa tayari wamebanwa.

Ilichukua nusu karne kupata kipimo bora. Mradi ulioongozwa kutoka Oxford na José Villar na Stephen Kennedy, uitwao INTERGROWTH-21st, ulichagua maeneo manane: Pelotas huko Brazili, Turin, Oxford, Seattle, Nagpur nchini India, Shunyi karibu na Beijing, Muscat, na Parklands jijini Nairobi. Katika kila eneo walitafutwa mama wenye afya, waliokula vizuri, wasiovuta sigara, waliojua vyema umri wa mimba zao. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014, mtoto wa Parklands na wa Muscat alionekana kukua tumboni kwa mwendo unaokaribiana sana na wa Turin au Seattle.

Jambo hilo linafaa lisemwe wazi katika kila kliniki ya Afrika Mashariki, kwa sababu maneno ya kwamba watoto wetu ni wadogo kwa asili bado yanasikika hata kwa watu waliosoma. Ni kweli wapo watoto waliorithi umbo dogo, wenye afya tele, ambao wako chini ya asilimia 10 kwa kuwa lazima awepo wa kuwa hapo. Lakini pale ambapo mtoto mmoja katika kila watano yuko chini ya mstari huo, urithi hautoshi kueleza. Wataalamu waliokusanya takwimu za mwaka 2020 walikadiria kwamba watoto milioni 35.3 walizaliwa njiti, au wadogo kwa umri wa mimba, au vyote viwili. Hao ni zaidi ya robo ya watoto wote waliozaliwa hai mwaka ule, na ndio waliobeba zaidi ya nusu ya vifo vya vichanga. Kati yao karibu milioni 22 walikuwa wametimiza miezi yao.

Sababu ya udogo huo mara nyingi iko katika kondo la nyuma, kiungo ambacho baada ya kuzaa kila mtu anataka kukizika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 hakuna aliyejua kwa hakika kwa nini malaria humwelemea mwanamke mwenye mimba ya kwanza, hata kama amekulia katika eneo la malaria na mwili wake umekwisha kujifunza kupambana nayo. Jibu lilitoka Kisumu. Watafiti Michal Fried na Patrick Duffy walikusanya makondo ya nyuma kutoka kwa wanawake waliojifungua hospitalini huko, wakaosha damu iliyokuwa ndani na kuangalia vimelea vilivyobaki vimeshika nini. Mwaka 1996 walitangaza kwamba vimelea vya kwenye kondo ni tofauti na vya kwenye damu ya kawaida. Hushikamana na molekuli iitwayo kondroitini salfeti A, iliyojaa kwenye kondo. Mwaka 2003 timu ya Ali Salanti huko Copenhagen ikautambua mkono ambao kimelea hutumia kushikilia, protini waliyoiita VAR2CSA.

Hapo fumbo likafumbuka. Msichana aliyekulia Kisumu au Muheza ana kinga dhidi ya malaria ya kawaida, lakini hajawahi kuwa na kondo la nyuma, kwa hiyo mwili wake haujawahi kukutana na mkono ule. Mimba ya kwanza humkuta mtupu. Kufikia ya tatu amekwisha kutengeneza kinga, na watoto wake wanaofuata huzaliwa na uzito mzuri zaidi. Fried na Duffy waliendeleza kazi hiyo Muheza, mkoani Tanga, wakifuatilia mama na watoto wao kwa miaka.

Linalotisha katika ugonjwa huu ni ukimya wake. Mama anaweza kuwa anafanya kazi zake zote bila homa, na damu ya kidoleni isionyeshe kitu. Ndani, vimelea vimejazana katika nafasi ambamo damu ya mama hupita ili kumlisha mtoto, na chembe nyeupe za mama zimefuata kupigana navyo. Njia zinavimba na kuziba. Oksijeni na sukari vinapita kwa shida. Kondo la namna hiyo likikatwa na kuwekwa chini ya darubini huonekana limetapakaa vidoa vyeusi, mabaki ya damu iliyoliwa, na vidoa hivyo hubaki hata baada ya vimelea kuondoka.

Ndiyo maana mjamzito hupewa vidonge vitatu vya SP, dawa ya kukinga malaria, mbele ya muuguzi, kuanzia mwezi wa nne, kisha tena kila baada ya mwezi, hata kama hana malaria. Wapo wanaovikataa kwa kuwa hawaumwi, na wapo wanaovificha shavuni na kuvitema nje. Hawakuelezwa wanamezea nini. Dawa yenyewe imezeeka, vimelea vingi vya Afrika Mashariki vimeizoea, na watafiti walidhani wakati umefika wa kuibadilisha. Lakini katika jaribio lililowahusisha wajawazito 4,680 wa Kenya, Malawi na Tanzania, lililochapishwa mwaka 2023, dawa mpya iliyofukuza malaria vizuri zaidi haikuleta watoto bora kuliko SP. Inaelekea SP humsaidia mtoto kukua kwa njia nyingine pia, pengine kwa kuzuia bakteria. Anayeishi na VVU na kutumia kotrimoksazoli hapewi SP, kwa kuwa dawa hizo mbili hazichanganywi. Chandarua chenye dawa kinamhusu maradufu.

Malaria si adui pekee wa kondo. Presha ya mimba hubana mishipa inayolilisha. Kwa wanawake walio katika hatari kubwa, dozi ndogo ya aspirini kila siku, ikianzwa kabla ya wiki ya 20, hupunguza balaa hilo. Upungufu wa damu, mimba za utotoni, sigara, mapacha wanaogawana kilichopo: yote yanajulikana. Njaa nayo, na hata ile isiyoonekana. Jijini Dar es Salaam, utafiti wa Wafaie Fawzi na wenzake wa Harvard na Muhimbili uliwapa baadhi ya wajawazito 8,468 vidonge vya vitamini mbalimbali juu ya vile vya madini ya chuma na foliki asidi. Katika matokeo ya mwaka 2007, watoto wadogo kwa umri walikuwa asilimia 13.6 kwa mama waliopewa vidonge vya kuigiza, na 10.7 kwa waliopata vitamini. Idadi ya njiti haikubadilika. Vidonge vile viliwaongezea watoto nyama bila kuwaongezea wiki, ushahidi mwingine kwamba mambo haya mawili yana mizizi tofauti.

Mtoto aliyebanwa tumboni hakai tu akipungua. Mwili wake hufanya kama kaya iliyokumbwa na ukame: kilichopo hupelekwa kwanza kwa asiyeweza kukosa. Damu huelekezwa kwenye ubongo na moyo, huku ini, misuli, utumbo na figo vikiachiwa makombo. Ndiyo sababu ya kichwa kikubwa juu ya mwili mwembamba. Ini halipati nafasi ya kuweka akiba ya sukari, mafuta ya chini ya ngozi hayajengeki, na ikiwa oksijeni ni haba mwili hutengeneza chembe nyekundu nyingi mno mpaka damu inakuwa nzito.

Kumgundua kabla hajazaliwa kunahitaji vitu viwili, na kimoja ni cha bei ndogo kuliko soda. Kuanzia wiki ya 24, urefu wa mimba kutoka mfupa wa kinena hadi kilele cha mfuko wa uzazi, ukipimwa kwa tepu ya kushonea, hukaribiana na idadi ya wiki: sentimita 30 kwa wiki 30. Tepu ikisimama mahali pamoja kliniki mbili mfululizo, kuna jambo. Kitu cha pili ni kujua wiki zenyewe, na hapo ndipo panapovuja. Mama anayeanza kliniki mwezi wa sita, asiyekumbuka siku zake, anaandikiwa umri wa kukisia, na mtoto aliyedumaa anahesabiwa kuwa mimba bado changa. Ultrasaundi kabla ya wiki ya 24 hutoa tarehe ya kutegemewa; ya mwezi wa nane haiwezi tena, kwa sababu inakisia umri kutokana na ukubwa, na ukubwa ndio tunaoushuku. Huko Korogwe watafiti waliwafuatilia wajawazito kwa ultrasaundi tangu mwanzo na mwaka 2012 wakachapisha chati ya uzito wa watoto wangali tumboni, kazi iliyoonyesha kwamba jambo hili linawezekana wilayani.

Kugundua kuna faida kubwa kuliko zote: mtoto anayeishiwa chakula tumboni anaweza kufia humo, na uamuzi wa lini azalishwe ndio humwokoa.

Akishazaliwa, saa za mwanzo ndizo zenye hatari, na hatari hiyo haipigi kelele. Mtoto hana akiba ya sukari wala mafuta ya kumpa joto. Akiachwa amefunikwa khanga iliyoloa kwenye kitanda cha pembeni wakati mama anashonwa, joto lake hushuka chini ya nyuzi 36.5. Ili kulipandisha anachoma sukari kidogo aliyonayo. Anaanza kutetemeka mikono, kisha analegea, kisha analala. Bibi anasema mtoto mpole. Muuguzi mzoefu hamsikilizi bibi. Anamchoma kisigino na kupima sukari.

Tiba yake kubwa imekuwa kifuani pa mama tangu zamani. Bogotá, mwaka 1978, Edgar Rey Sanabria, akiwa na wodi iliyofurika na mashine chache za joto, aliwaweka vichanga wadogo ngozi kwa ngozi vifuani mwa mama zao. Kwa muda mrefu njia hiyo ya kangaruu ilidhaniwa ni ya kungojea mtoto atulie kwanza. Kisha hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zikajaribu kuianza mara tu baada ya kuzaliwa, kwa watoto 3,211 wenye uzito kuanzia kilo moja hadi chini ya 1.8. Vifo vya siku 28 za kwanza vilikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubirishwa, na majaribio yakasimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Tangu mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani linashauri ianze mara moja, kwa saa 8 mpaka 24 kwa siku.

Wodini inaonekana hivi: mtoto kavuliwa nguo, kabakishwa nepi, kofia na soksi, kawekwa wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limegeuzwa upande, khanga imemzunguka yeye na mama na kufungwa mpaka chini ya sikio lake. Mama anakamua dang'a kwenye kikombe kidogo na kumnywesha taratibu pale anapochoka kunyonya, kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baba anaweza kushika zamu. Katika wodi ambazo akina baba wanaruhusiwa kuingia, wengi huomba wenyewe.

Mtoto akiokoka wiki hizo, swali linahamia kwenye miaka. Takriban tisa katika kila kumi huwafikia wenzao kwa kimo kabla ya kutimiza miaka miwili. Wanaobaki nyuma wanahitaji uchunguzi. Kwa baadhi yao ipo tiba ya homoni ya ukuaji, iliyoidhinishwa kwa ajili hiyo Marekani mwaka 2001 na Umoja wa Ulaya mwaka 2003, ingawa bei yake bado inawaacha nje watoto wengi wa kwetu.

Kufikia wenzao ni jambo jema. Kulazimishwa kufikia ni jambo jingine. Shangazi na majirani wanapenda mtoto mnene, na mama wa mtoto mdogo husukumwa ampe maziwa ya kopo na uji kabla ya wakati ili anenepe haraka. Uingereza walilinganisha watoto wadogo kwa umri waliolishwa maziwa ya kopo yaliyoongezwa virutubisho na waliopata ya kawaida. Walipofika miaka sita hadi minane, wale walioharakishwa walikuwa na presha ya juu zaidi. Ziwa la mama pekee kwa miezi sita linamtosha aliyetimiza miezi, mradi kadi yake iwe inapanda.

Uhusiano kati ya mzani wa kichanga na moyo wa mtu mzima uligunduliwa na mtu aliyewahi kuishi Afrika Mashariki. David Barker alikuwa Uganda kuanzia 1969, akichunguza kidonda cha Buruli, mpaka utawala wa Idi Amin ulipomwondoa mwaka 1972. Akiwa amerudi Uingereza, alikuta madaftari ya wakunga wa Hertfordshire. Tangu 1911, chini ya msimamizi wao Ethel Margaret Burnside, walikuwa wameandika uzito wa kila mtoto siku ya kuzaliwa na tena alipotimiza mwaka. Barker na wenzake waliwatafuta wanaume 5,654 kati ya waliokuwa vichanga katika kurasa hizo. Matokeo ya 1989 yalionyesha kwamba waliokuwa wepesi utotoni walikufa zaidi kwa ugonjwa wa moyo. Tafiti zilizofuata zikaongeza kisukari na presha. Sehemu ya maelezo iko kwenye figo: vichujio vyake vyote hutengenezwa kabla ya kuzaliwa, haviongezwi tena, na mtoto aliyebanwa huzaliwa na vichache. Huko Pune, India, Chittaranjan Yajnik alikuta vichanga wenye wastani wa kilo 2.7, dhidi ya 3.5 Southampton, ambao misuli yao ilikuwa imepungua sana lakini mafuta yao yamebaki.

Hizo ni hesabu za maelfu ya watu, wala si hukumu ya mtoto mmoja. Kwa mzazi maana yake ni kazi ya kawaida: apimwe presha akikua, asiachiwe soda na biskuti, acheze.

Upande wa akili, watoto waliozaliwa wadogo huachwa nyuma kidogo kwa wastani, hasa ambao kichwa chao pia kilizaliwa kidogo. Wengi wanasoma na kufaulu kama wengine. Na pengo lenyewe halikupigiliwa misumari. Huko Kingston, Jamaika, Susan Walker na Sally Grantham-McGregor waliwachukua watoto waliotimiza miezi lakini wakazaliwa chini ya gramu 2500, kundi ambalo watafiti wengi walikuwa wamelipita. Mhudumu wa afya wa jamii, mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo, aliwatembelea baadhi yao nyumbani kila wiki kwa wiki nane za kwanza, akimwonyesha mama namna ya kuzungumza na kichanga na kumjibu anapotoa sauti. Kuanzia mwezi wa saba hadi wa 24 alirudi kila wiki kwa nusu saa, na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa makopo, vitambaa na maboksi. Watoto hao walipotimiza miaka sita walipimwa tena. Waliotembelewa walifanya vizuri zaidi katika mafumbo ya maumbo na kukumbuka mahali vitu walivyoviona vilipowekwa, na mama zao waliripoti matatizo machache ya tabia kuliko wa wenzao ambao mlango wao haukubishwa hodi.